Ujira, Meza na Kiti: Mwongozo wa Huduma ya Kanisa kati ya Batwa na Baluba wa Nyunzu

Mwongozo huu ni wa yule anayebeba kazi ya kanisa kijijini: katekista anayeongoza ibada padri asipofika, mchungaji mwenye makanisa matatu na baiskeli moja, mama anayeongoza shirika la mtaa wake, shemasi anayetunza fedha za sadaka. Kanisani kwako kuna Baluba na majirani wengine wa Kibantu. Batwa nao wapo: wengine wameketi nyuma karibu na mlango, wengine wako kambini kwao na hawaji kabisa. Umeambiwa uwafikie, na pengine umekwisha kupanga mkutano wa Injili, kwaya na kipaza sauti.

Weka kipaza sauti kando kwanza. Batwa wengi wa Nyunzu wameishi karibu na makanisa miaka mingi, na mahubiri wameyasikia. Wanachokiangalia ni mambo matatu: kama Mkristo anayewapa kibarua anawalipa, kama anakula nao, na kama kuna siku mmoja wao ataketi panapoamuliwa mambo. Kanisa lisilogusa ujira, meza na kiti linaweza kujaza watu Jumapili, na Jumatatu wakaanza kuuana. Hilo limekwisha kutokea.

1. Fahamu unaposimama

Teritwari ya Nyunzu iko kwenye njia ya reli ya Kabalo hadi Kalemie, ile iliyofika ziwani mwaka 1915, katika bonde la Lukuga, mto unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika na kuyapeleka Lualaba. Hadi mwaka 2015 ilikuwa sehemu ya Katanga. Leo ni ya jimbo la Tanganyika, hapa Kongo. Mgeni atayaona hayo kwenye ramani. Yanayoamua huduma yako hayakuchorwa humo.

Kuanzia mwaka 2013 mapigano kati ya wanamgambo wa Batwa na wa Baluba yalienea kaskazini mwa Katanga ya wakati ule. Tarehe 30 Aprili 2015 wanamgambo wa Kiluba walivamia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Vumilia, Nyunzu, wakaua watu wasiopungua 30, wengi wao Batwa. Wanamgambo wa Batwa nao wamechoma vijiji vya Baluba, wakaua na kubaka. Mwaka 2016 moto ulifufuka kutoka upande wa Kabalo, baada ya ugomvi juu ya ushuru wa viwavi ambavyo Batwa huvikusanya porini. Februari 2017 viongozi wa pande zote walikutana Kalemie katika jukwaa la amani, na mabaraza ya vijiji yenye Batwa na Wabantu yakatiwa nguvu. Hata baada ya hapo, makundi yenye silaha hayakuisha barabarani wala porini.

Usikubali maelezo kwamba haya ni makabila yaliyozaliwa yachukiane. Chunguza ugomvi wenyewe na utakuta mambo yanayoshikika. Mtwa analima shamba la mtu siku nzima na kulipwa chumvi, muhogo au pombe kali ya lutuku. Anaishi juu ya ardhi ambayo chifu wake ni wa kabila lingine, na msitu aliowinda babu yake unakatwa kuwa shamba bila yeye kuulizwa. Mwanamume wa Kibantu anaweza kumchukua binti wa Kitwa, lakini Mtwa akimtaka binti wa Kibantu, ni ugomvi. Upande wa pili, Mluba aliyekimbia nyumba yake ikiungua, au aliyemzika mwanawe njiani, ana kidonda chake, na hatakusikiliza ukizungumza kana kwamba Batwa peke yao ndio walioumia. Kanisani kwako kuna wafiwa wa pande zote mbili. Panga kila hatua ukilikumbuka hilo.

2. Shika somo moja la Maandiko na ulifundishe mwaka mzima

Huna haja ya vitabu vingi vya theolojia kwa kazi hii. Matendo ya Mitume sura ya 6 inatosha kuwa msingi, kwa sababu ni habari ya kijiji chako. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa linagawa chakula kila siku. Wajane wa Wayahudi waliosema Kigiriki wakawa wanarukwa, na watu wao wakanung'unika. Angalia mitume walivyofanya. Hawakuwaambia walalamikaji wawe na subira, wala hawakuhubiri upendo na kuacha mgao ulivyo. Waliitisha mkutano, wakaagiza wachaguliwe watu 7 wa kusimamia kazi ile. Soma majina ya waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro na wenzao. Yote 7 ni majina ya Kigiriki. Ghala lilikabidhiwa kwa watu wenye majina ya upande ule uliokuwa unanyimwa, na Luka anaandika mara baada ya hapo kwamba neno la Mungu lilienea. Mgao ulipopata haki, neno nalo likapata njia.

Somo hilo lisindikize na mengine matatu. Wagalatia 2, ambapo Paulo anamkemea Petro mbele ya watu kwa kujitenga na meza ya wasio Wayahudi alipoogopa macho ya wenzake. Yakobo 5, ambapo ujira uliozuiliwa wa wavunaji unamlilia Mungu. Na 1 Wakorintho 11, ambapo wengine wanafika kwenye meza ya Bwana wameshiba na wengine wana njaa. Yafundishe kwa mzunguko, somo moja kwa miezi mitatu, kwenye shirika, katika kwaya, kwa vijana. Wasiojua kusoma wasimuliwe mpaka wao wenyewe waweze kusimulia.

Nchi yetu ina urithi wake katika jambo hili. Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongomani, alipewa upadri mwaka 1917 kule Baudouinville, Moba ya leo, katika jimbo hili hili. Padri Placide Tempels, Mfransisko aliyeishi kati ya Baluba na kuandika juu ya fikra za Kibantu mwaka 1945, alianzisha vuguvugu la Jamaa kati ya wafanyakazi wa migodi wa Kolwezi, ambako mapadri na watu wa ndoa walijifunza kuketi kama wenzi. Mwaka 1961 maaskofu Wakatoliki wa Kongo waliamua kwamba kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, zile tunazoziita mashirika. Na Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ikaliita Kanisa Familia ya Mungu.

Hapa tahadhari inahitajika. Lugha ya familia, kwa Nyunzu, ina mtego. Katika sehemu nyingi za Kongo bwana wa Kibantu amezoea kumwita Mtwa "Mtwa wangu", akimtunza kama mtoto asiyekua: anampa shati kuukuu, anamsemea mbele ya chifu, na kumtuma shambani bila hesabu. Ukihubiri kwamba sisi sote ni familia bila kusema nani ni ndugu wa nani, kila mmoja atasikia alichokizoea: Mluba atasikia kwamba yeye ni baba, na Mtwa atasikia kwamba ataendelea kuwa mtoto. Sema wazi basi: katika familia hii Baba ni mmoja, yuko mbinguni, sisi wengine wote ni ndugu tunaodaiana haki sawa.

3. Tembea na kusikiliza kabla ya kupanga

Chagua watu wanne: wanawake wawili na wanaume wawili, Batwa wawili na Wabantu wawili. Wapite kijijini na kambini wakiwa pamoja, bila kalamu siku za kwanza. Maswali ya kuuliza ni haya:

- Nani analima shamba la nani, na analipwa nini, lini?
- Watu wanachota maji wapi? Kuna kisima ambacho wengine hawakikaribii?
- Watoto gani hawaendi shule, na waliacha kwa sababu gani?
- Njia zipi wanawake wanaogopa kupita wakienda shamba au soko?
- Miezi gani kambi inakuwa tupu kwa sababu watu wako porini kwa viwavi, asali au uwindaji?
- Mtu akifa kambini, nani wa kijijini anakwenda kilioni? Na mtu akifa kijijini?

Wanawake waulizwe na wanawake, mbali na wanaume. Msiulize habari za silaha wala majina ya wapiganaji, na likitajwa jina lisiandikwe popote. Karatasi yenye majina ikikutwa mfukoni mwa katekista inaweza kumwua yeye na aliyemwambia. Wala msiahidi msaada. Mmekuja kujua, semeni hivyo.

Mkirudi, watu hao wanne wasimulie mbele ya wazee wa kanisa, na Batwa waanze. Kikao hicho pekee kitakufundisha kanisa lako ni la namna gani, kwa kuangalia tu nani anamkatiza nani.

4. Ujira: anza na shamba la kanisa

Kabla ya kumwonya mwumini yeyote juu ya vibarua, angalia shamba la mchungaji, shamba la parokia, matofali ya kanisa jipya. Nani aliifanya kazi hiyo? Kama Batwa waliitwa kufanya "kazi ya Mungu" bure huku mafundi wa Kibantu wakilipwa, mahubiri yako yameshapata jibu.

Wekeni agano la ujira, fupi, linaloweza kukaririwa na asiyejua kusoma:

- Bei ya kibarua inatajwa kabla jembe halijaingia ardhini, mbele ya shahidi.
- Kazi ya namna moja ina malipo ya namna moja, kwa Mtwa na kwa asiye Mtwa, kwa mwanamke na kwa mwanamume.
- Malipo ni fedha, au chakula kwa kipimo cha kopo kilichokubaliwa. Lutuku si malipo.
- Malipo yanatolewa siku ile ile, jua halijazama. Torati yenyewe imeagiza hivyo, Kumbukumbu la Torati 24.
- Deni la chumvi, samaki au dawa halilipwi kwa siku za kazi zisizo na idadi. Linahesabiwa kwa franka na lina mwisho.

Kanisa lifuate agano hili kwa msimu mzima wa kilimo kabla ya kuwadai waumini. Msimu wa pili viongozi waliape mbele ya kusanyiko. Msimu wa tatu liwe sharti la kuchaguliwa mzee wa kanisa au kiongozi wa shirika. Watakuwepo watakaokasirika, na baadhi yao ndio watoaji wakubwa wa sadaka. Amua mapema utawajibu nini, maana watakujia nyumbani usiku, kwa upole, na kuku mkononi.

Miezi ya mvua, kabla mahindi mapya hayajakomaa, ndipo madeni yanapozaliwa. Hapo AVEC, yaani chama cha kijiji cha kuweka akiba na kukopeshana, husaidia kuliko hotuba. Kikundi cha watu 15 hadi 25 hununua hisa kila wiki, huweka fedha kwenye kasha lenye kufuli tatu, hukopeshana kwa riba ndogo waliyoikubali, hutenga mfuko wa dharura, na baada ya mwaka hivi hugawana. Kiundeni kikiwa cha mchanganyiko tangu siku ya kwanza, na hisa iwe ndogo kiasi cha mwuza kuni kuweza kuinunua. Funguo tatu zishikwe na watu watatu wa nyumba tatu tofauti; mmoja wao awe mama wa Kitwa. Asiyejua kusoma atawekewa hesabu kwa mihuri kwenye kijitabu chake, au kwa kukariri kwa sauti mwisho wa kikao.

5. Meza: kilio, kisima, sikukuu

Watu wengi ambao wangekufa kwa ajili ya imani yao hawawezi kula bukari kutoka sahani moja na Mtwa. Usiwalazimishe kwa amri siku ya kwanza. Watakula kwa aibu, watatema nyuma ya nyumba, na Batwa watajua. Panda ngazi polepole.

Anza na kilio. Mtwa akifa, kwaya iende kambini, mchungaji aende, wanawake wabebe maji na kuni na walale huko kama wanavyolala kwa mfiwa mwingine yeyote. Kaburi lichimbwe na vijana wa pande zote. Hakuna huduma inayofungua milango kama hii, na haidai fedha.

Kinachofuata ni kisima. Kama kuna chemchemi ambayo Batwa hufukuzwa, kanisa liitengeneze kwa kazi ya pamoja na kamati ya maji iwe ya pande mbili. Kisha ndipo sikukuu: Noeli na Pasaka, chakula kipikwe na wanawake waliochanganyika katika masufuria yale yale, sombe na bukari, na wote wagawiwe kutoka jiko moja. Atakayekataa asitukanwe, aachwe na njaa yake. Viongozi, wao, hawana ruhusa ya kukataa. Petro alikuwa mtume, na alikemewa kwa jambo hili hili.

Meza ya Bwana ije mwisho wa njia hii katika mafundisho, ingawa imekuwapo tangu mwanzo katika ibada. Waambie watu wazi kwamba kikombe kimoja Jumapili na visima viwili Jumatatu ni jambo ambalo Paulo alilikataa kule Korintho.

6. Kiti: chagua viongozi kama Yerusalemu

Mtwa mmoja kwenye halmashauri ya watu kumi na wawili ni pambo. Hatasema, na akisema hatasikilizwa. Anzeni na wawili au watatu kwa pamoja, mwanamke mmoja miongoni mwao, na wapewe kazi yenye uzito: ghala, sanduku la sadaka, mgao wa misaada. Kufagia kanisa na kubeba benchi si uongozi.

Yafuatayo huwazuia Batwa kuwa viongozi, na yote yako katika uwezo wako kuyaondoa:

- Sharti la cheti cha shule. Shemasi wa vijijini anahitaji uaminifu, kumbukumbu na ujasiri. Kusoma atafundishwa akiwa kazini.
- Mafunzo ya mbali yanayodai nauli na nguo mpya. Leta mwalimu kijijini, au lipia wote kwa kiasi kimoja.
- Tarehe zisizojali pori. Ukiweka semina msimu wa viwavi au asali, usiseme kwamba Batwa hawapendi mafundisho.
- Lugha. Fundisha kwa lugha wanayoielewa wote waliopo, na maneno ya Kifaransa ya katiba ya kanisa yaelezwe.

Suala la ndoa nalo ni la kiti. Mwanamume wa Kibantu akimchukua binti wa Kitwa, kanisa litake yale yale linayoyataka kwa binti mwingine: mahari kwa wazazi wake, ndoa iandikishwe, watoto wapewe ukoo wao bila kufichwa upande wa mama. Na kijana wa Kitwa akipendana na binti wa Kiluba, kanisa lisimame nao mbele ya wazazi. Hiyo ndiyo siku kijiji kitakapojua kama mlimaanisha.

7. Tumia mamlaka ambayo kanisa tayari linayo

Shule nyingi za msingi za Kongo ni za serikali lakini zinaendeshwa na makanisa, kwa mkataba wa mwaka 1977. Kama shule ya kijiji chako ni ya namna hiyo, suala la mtoto wa Kitwa kutukanwa darasani linafika moja kwa moja mezani kwa kanisa. Zungumza na mkurugenzi: watoto wakae mchanganyiko kwenye benchi, mwalimu asimwite mtoto kwa kabila lake, mtoto asifukuzwe kwa kukosa sare. Tangu mwaka wa shule wa 2019 serikali imetangaza elimu ya msingi katika shule zake kuwa bure. Kama kuna michango inayodaiwa, wazazi waelezwe ni ya nini, na ambao hawana wasamehewe.

Cheti cha kuzaliwa ni huduma nyingine ya bei ndogo na faida kubwa. Sheria ya familia inampa mzazi siku 90 tangu mtoto azaliwe kumwandikisha bila malipo. Mama kiongozi wa shirika awe na daftari la watoto waliozaliwa mwezi huo, kijijini na kambini, na mtu mmoja apelekwe kwa afisa wa uandikishaji na majina yote kwa pamoja pamoja na mashahidi. Msiunganishe jambo hili na ubatizo. Mtoto asiyebatizwa ni raia vilevile.

Ujue pia sheria ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda haki za watu wa asili Batwa na wenzao nchini kote, pamoja na shule, matibabu na ardhi yao. Tafuta nakala, isomwe barazani, ielezwe kwa Kiswahili. Mtwa akiijua sheria na Mluba asiijue, hofu itazaliwa. Isomwe kwa wote siku moja. Juu ya msitu, amri ya mwaka 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake wa kijamii, hadi hekta 50,000. Safari hiyo ni ndefu na inahitaji wataalamu, lakini kanisa linaweza kusaidia hatua ya kwanza: wazee wa pande zote kutembea pamoja na kukubaliana mipaka.

8. Damu inapomwagika

Saa za kwanza baada ya mtu kuuawa ndizo zinazoamua kama kijiji kitaungua. Kubalianeni mapema, wakati wa utulivu, nani atafanya nini:

- Watu wawili, mmoja wa kila upande, waende kwa wafiwa siku ile ile. Kwanza kilio, maneno baadaye.
- Habari ipelekwe kwa chifu, kwa baraza na kwa utawala wa teritwari. Kanisa lisifanye upelelezi, na lisikamate mtu.
- Katika ibada usitaje kabila la aliyeua. Mtaje marehemu kwa jina lake na umlilie.
- Uvumi usirudiwe mpaka mtu aliyeona kwa macho yake apatikane. Kanuni hii ni ya simu pia: picha ya maiti isitumwe.
- Silaha isifichwe kanisani, ya upande wowote, hata kwa usiku mmoja.

Aliyebakwa afikishwe kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia UKIMWI zinafanya kazi ndani ya muda huo. Mama anayeaminika amsindikize. Msimalize jambo kwa mbuzi, wala kwa kumwoza msichana kwa aliyemharibu. Sheria za Julai 2006 zinauona ubakaji, na ndoa ya kulazimishwa pia, kuwa makosa ya jinai, na mchungaji anayesimamia suluhu ya namna hiyo anakuwa upande wa mkosaji.

Barazani, kanisa liwe na mwakilishi lakini lisishike uenyekiti. Nguvu ya baraza ni kwamba Batwa na Wabantu wenyewe ndio wanaoamua. Ukikaa katikati na kola yako, wataanza kukuambia unachopenda kusikia. Kuhusu msamaha, usiwe mwepesi. Mama aliyezika watoto hawezi kusamehe kwa sababu mfadhili anakuja Alhamisi kupiga picha. Kiri makosa ya kanisa kwanza, rudisha kilichoibwa kama kipo, kisha msamaha uje kwa mwendo wake.

9. Misaada, na makanisa mengine

Mashirika ya misaada yakija, yatakuomba orodha. Orodha itengenezwe na kamati ya pande mbili, isomwe hadharani, ibandikwe ukutani. Msaada usitolewe baada ya ibada kana kwamba ni zawadi ya kuhudhuria, na asiwepo atakayeulizwa dhehebu. Mtwa aliyebatizwa kwa ajili ya mfuko wa unga ataondoka unga ukiisha, na atakuwa na haki.

Kaeni pamoja, Wakatoliki, jumuiya za Kiprotestanti za ECC na makanisa ya uamsho, mgawane kazi. Kambi moja ikihubiriwa na makanisa manne kwa mwezi, kila moja likihesabu waongofu wale wale, ni kuwachosha watu na kujidanganya. Mkutane kila robo mwaka, mjue nani yuko wapi, na agano la ujira liwe moja kwa wote. Vinginevyo anayekataa kulipa vibarua atahama kanisa tu.

Na unapofika kambini, usianze kwa kuchoma vitu vyao vya ibada wala kuvikejeli. Watu hawa walimwomba Muumba wakiwa msituni kabla reli haijafika Nyunzu. Uliza wanamwitaje, wanamshukuru vipi kwa nyama na asali, wanazika vipi. Mengine yatatubiwa, kama yanavyotubiwa ya Baluba na ya Wazungu. Mengine utayakuta yanafaa kuimbwa Jumapili, na tangu Roma iliporidhia misale ya Zaire mwaka 1988, hakuna Mkatoliki wa Kongo anayeweza kudai kwamba ngoma haina nafasi altareni.

10. Jipime kila mwaka

Mwisho wa mwaka, kabla ya kuandika ripoti ya idadi ya waliobatizwa, halmashauri ijibu maswali haya kwa sauti, na Batwa waliomo wajibu kwanza:

- Mwaka huu nani alifanya kazi ya kanisa, na alilipwa?
- Tulikwenda vilio vingapi kambini?
- Batwa wangapi wanashika ufunguo, daftari au fedha?
- Watoto wangapi wa Kitwa walianza darasa la kwanza, na wangapi bado wamo?
- Kuna ndoa ya mchanganyiko iliyofungwa kwa taratibu zote?
- Ugomvi gani ulifika barazani na kuisha bila damu?

Kama majibu ni madogo, yaandikwe hivyo hivyo. Kule Yerusalemu pia mambo yalianza na manung'uniko juu ya wajane.

Na kazi ya wiki hii ni moja tu. Kabla ya Jumapili, mtafute Mtwa aliyelima shamba la kanisa mara ya mwisho, umwulize kama alilipwa. Akisema bado, sadaka ya Jumapili hiyo imeshapata matumizi.